Habari za Maisha ya Aung San wa Burma

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki jina la Burma lilifika vijijini kwa midomo ya askari. Hao ni watu wa Keya, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, ambao katika mwaka wa 1944 walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, matope yakiwafika magotini, hata mwezi wa Desemba wakaufikia mto Chindwin mahali paitwapo Kalewa. Waliorudi walirudi na habari za mvua, za ruba na za vita ya Wajapani. Lakini habari za wenyeji wa nchi ile, kwamba walitaka nini, na nani aliyewaongoza, hazikusimuliwa sana, maana askari hupita katika nchi ya watu kama mpita njia usiku. Basi, kwa kuwa katika kijitabu hiki cha Yubile twawakumbuka wazee wetu wa miaka ile, imeonekana vema kuandika maisha ya mtu mmoja wa Burma, jina lake Aung San. Mtu huyo aliishi miaka 32 tu, na katika miaka hiyo michache aliwakusanya pamoja watu wasioaminiana, wa vyama mbalimbali na makabila mbalimbali, ili waudai uhuru wa nchi yao kwa sauti moja. Nchi hiyo siku hizi huitwa Myanmar. Hapa nitaliandika jina la zamani, ambalo wazee walilijua.

Burma ilikuwa na wafalme wake tangu kale. Waingereza waliitwaa kwa vita tatu, ya kwanza katika mwaka wa 1824, ya pili 1852, na ya mwisho 1885, ndipo mfalme Thibaw alipochukuliwa yeye na jamaa zake akahamishiwa Bara Hindi, asirudi tena. Tangu Januari 1886 nchi ikahesabiwa kuwa jimbo moja la Bara Hindi, jambo lililowachoma mioyo Waburma kuliko hata kushindwa vitani, kwa sababu wao si Wahindi na lugha yao ni mbali. Walitengwa na Bara Hindi katika mwaka wa 1937. Na ndani ya nchi yenyewe wamo watu wa namna nyingi. Waburma wenyewe hukaa mabondeni, katika mashamba ya mpunga. Milimani wamo Washani, Wakachini na Wachini. Na upande wa mashariki na katika delta ya mto Irrawaddy wamo Wakareni, ambao wengi wa viongozi wao walikuwa Wakristo, waliofundishwa na wamisionari tangu karne ya 19. Watu wa milimani walitawaliwa kwa sheria zao mbali, wala serikali haikuwahimiza kujuana na wa mabondeni. Msomaji aliweke neno hili moyoni, maana ndilo mzizi wa mambo yote yanayofuata.

Aung San alizaliwa tarehe 13 Februari 1915 katika mji mdogo uitwao Natmauk, katikati ya nchi, akiwa kitinda mimba wa nyumba yao. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu mkimya ambaye kazi yake haikumletea mali. Upande wa mama walikuwa watu hodari. Mzee mmoja wa ukoo huo aliwapinga Waingereza kwa silaha baada ya mfalme kuondolewa, akauawa. Mtoto mwenyewe alichelewa sana kusema, hata watu wakadhani ni bubu. Alipoanza kusoma, alisoma kwa juhudi kama mtu mwenye deni, akawa miongoni mwa wa kwanza katika mitihani, akapewa msaada wa masomo, akafika Chuo Kikuu cha Rangoon.

Huko chuoni hakuwa kijana wa kupendeza. Nguo zake zilikuwa chafu na zimekunjamana. Alinyamaza siku nzima, kisha akaanza kusema na asinyamaze. Na katika mikutano alijikaza kusema Kiingereza kibovu mbele ya wenzake waliomcheka, wala hakuketi mpaka amemaliza. Kiingereza hicho akakitengeneza kwa kusoma usiku, hata akachaguliwa kuwa mwandishi mkuu wa gazeti la wanafunzi, jina lake Oway. Katika mwaka wa 1936 gazeti hilo lilichapa maneno makali juu ya mkubwa mmoja wa chuo, bila jina la mwandishi. Wakuu walimtaka Aung San alitaje jina. Akakataa, akafukuzwa. Rafiki yake Nu, aliyekuwa mkuu wa chama cha wanafunzi, alifukuzwa pia kwa sababu ya hotuba yake, na wanafunzi wakagoma kwa ajili yao wote wawili. Mgomo ukaenea hata shule za mikoani, ndipo wakuu walipolegea na kuwarudisha. Hapo watu wakaanza kumjua Aung San, mtu asiyetoa jina la mwenzake.

Katika mwaka wa 1938 akaingia katika chama cha vijana waliojiita Thakin. Neno hilo maana yake ni bwana, nalo ndilo ambalo Waburma walilazimika kuwaitia Waingereza. Vijana hao walijipa wenyewe, kuonyesha kwamba mwenye nchi ndiye bwana wa nchi. Aung San akawa katibu wao. Lakini mapema akaona kwamba chama chake peke yake hakitafika mbali. Walikuwako wazee wa siasa wenye vyama vyao, kama Ba Maw, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza chini ya sheria ya 1937, ambaye Mathakin walikuwa wakimtukana kila siku kwamba amekula pamoja na watawala. Vita ya dunia ilipoanza mwaka wa 1939, Aung San na wenzake walimwendea Ba Maw huyo huyo, wakafanya naye umoja ulioitwa Kundi la Uhuru. Ba Maw akawa mkuu wake, Aung San akawa katibu. Shauri lao lilikuwa moja: Burma isiingie katika vita vya Uingereza isipokuwa kwa ahadi ya uhuru. Yeyote aliyepata kukaa katika baraza pamoja na mtu aliyemsema vibaya jana yake aijua taabu ya jambo hilo.

Serikali ikajibu kwa kuwafunga. Ba Maw akatiwa gerezani, na Aung San akatafutwa akamatwe. Mwezi wa Agosti 1940 akajificha katika merikebu ya Kinorwe pamoja na mwenzake mmoja, wakajifanya Wachina, wakaenda hata Amoy katika Uchina. Alitafuta msaada wowote wa kupata silaha. Msaada uliomfikia ulikuwa wa Wajapani: watu wao walimkuta Amoy, wakamchukua hata Tokyo, kwa afisa mmoja, Kanali Suzuki, ambaye kazi yake ilikuwa kuifunga njia ya Burma iliyopeleka silaha kwa Wachina. Hivyo mwenye haja alikutana na mwenye haja kubwa zaidi. Aung San akarudi Burma kwa siri, akawatoa vijana wachache wachache, hata wakatimia 30 pamoja naye, nao wakafundishwa vita kwa ukali mwingi katika kisiwa cha Hainan. Mwezi wa Desemba 1941 huko Bangkok wakaunda Jeshi la Uhuru wa Burma, na kwa kiapo walitoa damu mikononi, wakaichanganya katika bakuli ya fedha, wakainywa.

Sasa imenipasa kuandika mambo mawili ambayo wampendao Aung San huyaruka. Jeshi hilo liliingia Burma pamoja na Wajapani mwanzo wa mwaka wa 1942, likakua upesi kuliko lilivyoweza kutawalika, kwani kila kijana mwenye panga alijiunga. Katika delta, pande za Myaungmya, watu wa jeshi hilo waligombana na Wakareni, waliodhaniwa kuwa rafiki za Waingereza, wakaua watu wengi, waume kwa wake na watoto, na vijiji vikachomwa. Aung San hakuwako huko wala hakuamuru, lakini jeshi lilikuwa lake. Jambo la pili lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Katika wilaya ya Thaton mzee wa kijiji mmoja alishtakiwa kwamba amewasaidia Waingereza; akahukumiwa upesi upesi, na Aung San ndiye aliyemwua mbele ya watu. Baadaye hakukana. Mjane wa mzee yule alileta shtaka lake kwa serikali katika mwaka wa 1946, na Gavana akafikiri kumkamata Aung San, kisha serikali ikaacha, kwa hofu kwamba nchi nzima itawaka moto. Damu ya mtu yule ilibaki bila hukumu.

Katika mwaka huo wa 1942 aliugua, akalazwa katika hospitali kuu ya Rangoon, akauguzwa na mwuguzi mkuu mwenye msimamo aitwaye Khin Kyi. Wakaoana mwezi wa Septemba. Dada yake Khin Kyi aliolewa na Than Tun, kijana mwenye akili nyingi, mmoja wa Wakomunisti. Hivyo rafiki hao wawili wakawa jamaa.

Tarehe 1 Agosti 1943 Wajapani wakatangaza kwamba Burma ni nchi huru. Ba Maw akawa mkuu, Aung San akawa waziri wa vita, Nu na Than Tun wakawa mawaziri pia. Uhuru huo ulikuwa kama ngoma, mlio mkubwa na ndani tupu. Askari wa Japani waliwapiga watu makofi njiani, wakachukua mchele na ng'ombe, wakawafanyiza watu kazi ya reli mpaka kufa. Waziri wa vita aliyaona hayo yote, naye alikula chakula mezani pa wakubwa wa Kijapani huku akijifunza kunyamaza upya, kama alivyonyamaza utotoni.

Mwezi wa Agosti 1944 wakakutana kwa siri watu wa namna tatu: wakubwa wa jeshi, Wakomunisti waliokuwa wamejificha tangu mwanzo wa vita, na Wasoshalisti. Hawakupendana. Wakomunisti waliwaona watu wa jeshi kuwa ndio walioleta Wajapani. Watu wa jeshi waliona Wakomunisti ni watu wa maneno. Nao Wasoshalisti waliwaogopa Wakomunisti kwamba watakula kila kitu. Aung San alikuwa amepita katika nyumba zote hizo. Alikuwa mmoja wa walioanzisha Chama cha Wakomunisti mwaka wa 1939, jeshi lilikuwa lake, na Wasoshalisti wengi walikuwa rafiki zake wa chuoni. Basi akachaguliwa kuwa mkuu, na Than Tun kuwa katibu, na umoja huo baadaye ukaitwa Ligi ya Kupinga Ufashisti na Kuleta Uhuru wa Watu. Nadhani hapa ndipo palipo siri ya kazi yake. Watu wasioaminiana waliweza kumwamini yeye, kwa sababu kila mmoja alidhani kwamba kwa nusu ni wa kwake.

Kisha akawageukia Wakareni. Akawatuma watu, naye akaenda mwenyewe huko delta, akaomba yaliyofanyika mwaka wa 1942 yasirudi tena, na katika jeshi kikaundwa kikosi cha Wakareni chenye maafisa Wakareni. Wengine walipokea mkono wake. Wengine waliutazama mkono huo wakakumbuka panga.

Tarehe 27 Machi 1945 jeshi la Burma, ambalo siku chache kabla lilikuwa limeagwa kwa heshima huko Rangoon likaonekana kwenda kupigana na Waingereza, likageuka likawapiga Wajapani. Wakati huo majeshi ya Waingereza, pamoja na Wahindi na Waafrika, yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini. Mwezi wa Mei Aung San akaenda kwa Jenerali Slim, amevaa mavazi ya jenerali wa Kijapani na upanga kiunoni, mtu ambaye kwa sheria ya Waingereza alistahili kunyongwa kwa uasi. Slim alimwuliza kwa ukali, naye akajibu waziwazi kwamba amekuja kwa kuwa Waingereza wanashinda, na kwamba ataka uhuru wa nchi yake. Jenerali alipendezwa na mtu asiyejipamba kwa maneno. Mwezi wa Septemba, katika mkutano wa Kandy huko Ceylon, Waingereza wakakubali kuwaingiza askari wake katika jeshi jipya, naye mwenyewe wakamwahidia cheo cha brigedia. Akakikataa. Akavua upanga, akabaki mkuu wa Ligi, bila mshahara wa serikali. Lakini watu waliendelea kumwita Bogyoke, yaani Jenerali, hata alipokuwa amevaa shuka tu.

Gavana aliyerudi baada ya vita, Dorman-Smith, alikuja na mpango wa kuitawala nchi yeye mwenyewe miaka kadhaa mpaka itengenezwe. Ligi ilidai viti 7 katika 11 vya baraza lake. Akakataa, akawaweka wazee wasio na watu nyuma yao. Mwaka mzima ukapita kwa mikutano na maandamano. Askari wastaafu wa Aung San walikusanyika katika chama chao, wakicheza kwata vijijini, na kila mtu alijua kwamba bunduki nyingi zimefichwa chini ya mpunga. Mwezi wa Agosti 1946 akaletwa Gavana mpya, Rance, aliyekuwa askari. Mwezi uliofuata polisi wakagoma, kisha watu wa posta, wa reli na wa ofisi, hata serikali ikakauka kama mto wakati wa kiangazi. Rance akamwita Aung San. Watu wa Ligi wakapewa viti vingi katika baraza, naye Aung San akawa wa pili kwa Gavana.

Na hapo hapo Ligi ikapasuka. Wakomunisti walikuwa wamekwisha gawanyika wao kwa wao; sasa kundi kubwa, la Than Tun, likasema kwamba Aung San ameuza mgomo kwa bei ya viti. Ukatibu wa Ligi ulikuwa umekwisha mtoka Than Tun, ukapewa Msoshalisti. Kabla mwaka haujaisha, Ligi ikawafukuza Wakomunisti. Kwa hiyo Aung San aliwatoa nje watu aliofanya nao agano la siri katika siku za hatari, na mkubwa wao alikuwa mume wa dada ya mkewe. Wako wasemao kwamba hakuwa na njia nyingine, kwa maana walimtukana hadharani na kumfitini kwa watu. Labda ni kweli. Lakini niyasomapo mambo hayo naona kwamba umoja uliokuwa na adui mmoja ulishikamana, na umoja uliogawiwa viti ukafarakana katika muda wa wiki chache.

Mwezi wa Januari 1947 akaitwa London. Njiani alipita Delhi, na Nehru, alipoona kwamba mgeni wake hana nguo za baridi, akamshonea koti kubwa la sufi. Ndilo aonekanalo amelivaa katika picha yake ijulikanayo zaidi. Hakwenda na watu wa Ligi peke yao. Katika ujumbe walikuwamo wapinzani wake, kama Thakin Ba Sein na U Saw. Mtu huyu wa mwisho yatupasa kumweleza. U Saw alikuwa Waziri Mkuu kabla ya Wajapani kuja. Alikwenda London mwaka wa 1941 kuomba ahadi ya uhuru, akanyimwa, na njiani akirudi akazungumza na wajumbe wa Japani huko Lisbon. Waingereza wakayajua, wakamkamata, wakamhamishia huku kwetu, Uganda, akakaa kifungoni mpaka vita ilipokwisha. Alirudi Burma mwaka wa 1946, akakuta nchi ina bwana mwingine, kijana ambaye zamani alikuwa mwanafunzi asiyefua nguo. Mwezi wa Septemba mwaka huo watu walimpiga risasi garini mwake, jicho lake likaumia kwa vigae vya kioo, naye akaamini kwamba ni watu wa Aung San.

Tarehe 27 Januari mapatano yakatiwa sahihi na Waziri Mkuu Attlee na Aung San: watu wa Burma watachagua baraza la kuandika katiba mwezi wa Aprili, nao watapata uhuru wao ndani au nje ya Jumuiya ya Waingereza, kama watakavyo, na watu wa milimani wataulizwa kwa hiari yao. U Saw na Ba Sein walikataa kutia sahihi.

Bila kupumzika akapanda milimani hata Panglong, katika nchi ya Washani. Wakuu wa Washani, Wakachini na Wachini walikuwa na hofu, na haki yao ilikuwa kuwa na hofu, kwa maana kwao Mburma alikuwa mtu wa kodi na vita tangu zama za wafalme. Aung San aliwaahidia kwamba watajitawala katika mambo ya ndani, na kwamba fedha za serikali hazitagawiwa kwa upendeleo wa watu wa mabondeni. Tarehe 12 Februari 1947 watu 23 wakatia sahihi. Siku hiyo husherehekewa kila mwaka kuwa Siku ya Umoja. Wakareni walituma watu wa kutazama tu. Siku chache kabla yake walikuwa wameunda chama chao kikubwa, nao hawakutaka kuingia, ila walitaka nchi yao peke yao. Mwaka uliotangulia walikuwa wamepeleka wajumbe London kuwakumbusha Waingereza jinsi walivyowafia vitani, wakapewa chakula na maneno mazuri. Mwezi wa Aprili walisusa uchaguzi. Walibaki upande wa Aung San Wakareni wa chama cha vijana, ambao mmoja wa wakuu wao aliitwa Mahn Ba Khaing. Katika uchaguzi huo Ligi ilipata karibu viti vyote, na mwezi wa Juni baraza jipya likaazimia kwamba Burma itakuwa jamhuri nje ya Jumuiya ya Waingereza.

Jumamosi, tarehe 19 Julai 1947, kabla ya saa tano asubuhi, mawaziri walikuwa wameketi barazani katika jumba la serikali la Rangoon. Mlango haukuwa na ulinzi wa maana. Watu wenye mavazi ya askari wakaingia kwa bunduki za upesi upesi, wakafyatua kwa nusu dakika, wakatoka. Aung San alikuwa amesimama. Akaanguka wa kwanza. Walikufa pamoja naye ndugu yake Ba Win. Thakin Mya wa Wasoshalisti. Ba Cho, mwandishi wa magazeti. Mahn Ba Khaing, Mkareni. Abdul Razak, Mwislamu, mwalimu mkuu wa shule huko Mandalay. Na Sao Sam Htun, mtawala wa Kishani, aliyekata roho kesho yake. Walikufa pia karani mkuu mmoja aliyekuwa ameleta taarifa, na kijana mlinzi wa Razak. Ukiitazama hesabu hiyo ya maiti utaona kwamba mwuaji alilipata baraza jinsi lilivyokuwa: Waburma na Mshani na Mkareni, Wabudha na Mwislamu, katika chumba kimoja.

Jioni ile ile polisi walikwenda kwa U Saw. Katika ziwa karibu na nyumba yake silaha nyingi zikatolewa majini, nazo zilionekana kuwa zimetoka katika maghala ya jeshi. Maafisa wachache wa Kiingereza walikuwa wamemwuzia, na neno hilo liliwaachia Waburma shaka ambayo haijatoka mioyoni mpaka leo. U Saw alikuwa ametumaini kwamba wakubwa wakiisha kufa, Gavana atamwita yeye. Gavana hakumwita. Alimwita Nu, rafiki wa Aung San tangu mgomo wa chuoni, siku ile ile, na kazi haikusimama. U Saw akahukumiwa, akanyongwa mwezi wa Mei 1948.

Uhuru ulikuja tarehe 4 Januari 1948, kabla ya mapambazuko, saa kumi na dakika ishirini, saa ambayo wanajimu waliichagua. Khin Kyi alibaki na watoto watatu wadogo. Wa mwisho, msichana wa miaka miwili wakati baba yake alipouawa, ni Aung San Suu Kyi, ambaye dunia ilimjua baadaye.

Maiti za mawaziri hazikuzikwa upesi. Zilitiwa dawa, zikalazwa katika jumba la Rangoon liitwalo Jubilee Hall, na miezi mingi watu wa kila kabila wakapita mbele yake kuwaaga, wengine wakitembea kwa miguu kutoka mbali. Walizikwa mwezi wa Aprili 1948, karibu na hekalu kuu la Shwedagon. Wakati huo Than Tun hakuwapo mjini. Wiki chache tu kabla yake alikuwa ameingia msituni pamoja na Wakomunisti wake na bunduki zilizozikwa chini ya mpunga, na vita vya Waburma kwa Waburma vilikuwa vimekwisha anza. Wakareni walingoja mpaka Januari ya 1949, ndipo nao walipochukua silaha.